Bajeti ya Serikali na kabati la dawa la zahanati

Kila mwaka mwezi wa Juni habari ya redio huwa moja: Waziri wa Fedha amesimama Bungeni Dodoma kusoma bajeti ya Serikali. Kesho yake asubuhi, sokoni na mwaloni, wengi wetu tunauliza maswali mawili tu. Je, bia imepanda? Je, mafuta yamepanda? Tukishajibiwa tunarudi kwenye pamba, kwenye nyavu na kwenye maduara ya dhahabu, na bajeti tunawaachia wasomi.

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, maji ya kuchemsha, kichocho na uji wa lishe. Safari hii tunazungumzia fedha, na hatudhani kwamba tumetoka nje ya mada. Mama anayetembea saa mbili na mtoto mwenye homa mgongoni, akafika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha akanunue dukani, amekwisha kukutana na bajeti. Hakuisikia redioni, lakini imemfikia.

Maoni yetu ni haya: bajeti ya afya isipimwe kwa trilioni zinazosomwa Dodoma wala kwa urefu wa majengo. Ipimwe kwenye kabati la dawa la zahanati ya kijiji na kwa idadi ya watumishi walioko kazini siku ya Jumatatu. Na wapimaji wa kwanza ni sisi tunaolipa kodi.

SOTE TUNALIPA

Kuna fikra iliyoenea vijijini kwamba walipa kodi ni wafanyakazi wa ofisini na wenye maduka makubwa. Pengine fikra hiyo ilitokana na kufutwa kwa kodi ya kichwa mwaka 2003. Wazee wetu wanakumbuka vizuri jinsi watu walivyolala porini kuwakimbia migambo. Kodi ile ilipoondoka, wengi walihesabu kwamba wamemalizana na Serikali.

Lakini hatujamalizana. Ukinunua soda, kipande cha sabuni au bati la kuezekea, ndani ya bei yake imo kodi ya ongezeko la thamani. Tangu mwaka 2009 kodi hiyo ni asilimia 18 Tanzania Bara. Bia na sigara zina ushuru wake wa ziada. Ukipanda bodaboda kutoka Bwanga au Muganza, nauli yako imebeba tozo za mafuta. Nyumba yenye umeme inalipa kodi ya jengo kila mwezi kwa njia ya LUKU tangu mwaka 2021. Pamba yetu ina ushuru wa mazao wa asilimia 3. Kwa sheria anayetozwa ni mnunuzi, lakini hakuna mnunuzi asiyejua namna ya kuufidia ushuru huo katika bei anayompa mkulima. Na dhahabu ya huku kwetu, kwa sheria ya mwaka 2017, iliwekewa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na mwezi Machi mwaka huohuo soko la madini likafunguliwa Geita ili dhahabu isiendelee kutoroshwa usiku. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, nasi tuliuunga mkono.

Tumeyaorodhesha haya kwa sababu moja. Muuguzi anapomwambia mama mjamzito kwamba huduma ni bure, maana yake halisi ni kwamba huduma hiyo imekwisha kulipiwa. Imelipiwa na muuza dagaa, mkulima wa pamba na mchimbaji. Kwa hiyo mama yule haji kuomba msaada. Amekuja kuchukua kilicho chake.

TULIKOTOKA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika hospitali na zahanati za Serikali yalitolewa bila malipo, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Zahanati zilijengwa kwa wingi vijijini. Miaka ya 1980 hali ya uchumi ikawa mbaya, madeni yakazidi, na dawa zikaadimika. Mgonjwa alitibiwa bure, lakini mara nyingi alitoka na karatasi tu. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali, na taratibu ukashuka hadi ngazi za chini.

Wakati huo iliwekwa misamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI, na baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Misamaha hiyo ni mizuri kwenye karatasi. Tatizo lake ni kwamba Serikali ilitoa msamaha bila kila mara kupeleka fedha za kufidia. Zahanati inapompokea mjamzito bila malipo na haina glovu, mtumishi hana la kufanya ila kumwambia aje na zake, pamoja na pamba, wembe na nyuzi. Watu wanasema wauguzi ni wakali. Baadhi yao ni wakali kweli, hatukatai. Lakini mtumishi aliyewekwa mbele ya wagonjwa bila vifaa amegeuzwa kuwa mlinzi wa kabati tupu, na hasira yote inamwishia yeye.

TRILIONI NA SODA

Tuzitazame hesabu. Bajeti yote ya Serikali kwa mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Wizara ya Afya iliidhinishiwa takriban trilioni 1.618. Ukizigawanya fedha hizo za Wizara kwa Watanzania zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, kila mmoja anapata kama shilingi 26,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu shilingi 2,200 kwa mwezi, yaani soda mbili au tatu.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, maana wapo wanaozichukua namba hizi kuchochea watu bila kueleza kitu kizima. Fedha za afya hazipiti Wizara ya Afya peke yake. Mishahara ya waganga na wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, pamoja na sehemu kubwa ya ujenzi wake, hupitia TAMISEMI na halmashauri. Ziko pia fedha za bima. Kwa hiyo fungu zima la afya ni kubwa kuliko hiyo trilioni 1.6. Hata hivyo, mwezi Aprili mwaka 2001 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kwamba kila nchi itatenga walau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Asilimia 15 ya trilioni 56.49 ni karibu trilioni 8.5. Hata ukijumlisha mafungu yote, bado tuko mbali na ahadi hiyo.

Kwa nini? Jibu moja ni deni. Katika bajeti hiyohiyo karibu robo ya fedha zote ilitengwa kulipa deni la Serikali. Mwenye nyumba anayeamka kila mwezi na kulipa robo ya mapato kwa wakopeshaji hawezi kulisha watoto vizuri, hata akiwa na nia njema. Ndiyo maana tunasema mjadala wa mikopo ni mjadala wa afya. Mkopo wa leo ni dawa itakayokosekana baada ya miaka kumi, kama haukutumika kwenye kitu kinachozalisha.

Jambo la pili ni tofauti kati ya fedha zilizotengwa na fedha zilizotolewa. Bunge likipitisha bajeti halijapeleka fedha mahali popote. Fedha hutolewa kidogokidogo kadiri kodi inavyokusanywa na wafadhili wanavyotimiza ahadi, na kinachofika kinaweza kuwa pungufu au kuchelewa. Dawa hazingoji. Mvua za masika zikinyesha malaria inapanda mara moja, hata kama fungu la robo hiyo ya mwaka halijaingia.

HOSPITALI KUBWA NA ZAHANATI NDOGO

Hatuwezi kuandika habari hii hapa Chato tukaacha kuitaja Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Iliasisiwa wakati wa Rais John Magufuli, mwana wa Chato aliyefariki Machi 2021, na ilianza kutoa huduma mwaka huohuo. Nje ya kwetu maneno yalikuwa mengi: kwa nini Chato, kwa nini si pengine? Sisi tunaoishi huku tuna jibu letu. Mgonjwa wa Chato aliyeandikiwa rufaa kwenda Bugando alisafiri zaidi ya kilometa 200, kisha akakaa Busisi kusubiri kivuko. Wapo waliofia kwenye foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 liliandikwa kwenye hesabu za Wizara ya Ujenzi, lakini sisi tunalihesabu pia kama daraja la afya.

Basi tunashukuru kwa hospitali. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Jengo linajengwa mara moja. Madaktari bingwa wanalipwa kila mwezi, hewa ya oksijeni inanunuliwa kila wiki, mashine ya eksirei inahitaji fundi na vipuri. Fedha za kujenga hupatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu jengo linapigwa picha na kuzinduliwa. Hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe wa boksi la dawa ya mseto. Na mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa hali mbaya, mara nyingi, ni yule aliyekosa dawa ya shilingi elfu tatu kijijini siku nne kabla. Zahanati ikiwa tupu, hospitali ya kanda inajaa wagonjwa ambao hawakupaswa kufika huko.

Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wanavijiji walifyatua matofali, wakasomba mchanga na mawe. Mpaka leo katika sehemu nyingi za nchi yako maboma yaliyofika kwenye renta yakaachwa, mbuzi wanajikinga mvua humo. Nguvu ya wananchi ilikuwepo. Iliyokosekana ni ile sehemu ya bajeti iliyopaswa kuja kuezeka na kuleta mtumishi.

TOZO MPYA NI YA NANI?

Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Kelele zilikuwa kubwa, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo, na baadaye ikapunguzwa tena. Ilikuwa na kasoro ya wazi: ilimkamata kijana aliyeko machimboni anayemtumia mama yake fedha za hospitali. Lakini ilikuwa na jema moja ambalo hatungependa lisahaulike. Serikali ilitaja itafanyia nini fedha hizo, vikiwemo vituo vya afya kwenye tarafa zisizo navyo, na kwa mara ya kwanza watu wa kawaida walisikika wakiuliza: tozo yangu imejenga wapi? Swali hilo ni dawa. Tungetamani liulizwe kwa kila kodi.

Mwaka 2025 mambo yalibadilika tena. Mwezi Januari Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi nyingi, na huduma za UKIMWI zilitikisika, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa za kufubaza virusi ilikuwa ikigharamiwa na wafadhili wa nje. Huku kwetu, kwenye kambi za wavuvi na za wachimbaji, hilo halikuwa jambo la kusoma gazetini. Mtu anayemeza vidonge kila siku alijiuliza kama mwezi ujao vitakuwepo. Juni 12 mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alipendekeza tozo mpya, miongoni mwake shilingi 10 kwa kila lita ya mafuta, na nyingine kwenye madini, bia, magari na tiketi za treni na ndege. Asilimia 70 ya mapato ilikusudiwa kwenda Mfuko wa Kudhibiti UKIMWI na asilimia 30 kwenye bima ya afya kwa wote.

Sisi tunaona nia ni sahihi. Nchi isiyojinunulia dawa za watu wake iko mikononi mwa uchaguzi wa watu wengine. Tunaunga mkono bila kusita kodi kwenye bia, sigara na michezo ya kubahatisha, maana vyote hivyo vinaingia kwenye nyumba zetu na kutoka na chakula cha watoto. Vijana wetu wanaoshinda kwenye mashine za kamari wanajua tunachosema, na mama zao wanajua zaidi. Madini nayo ni halali yachangie, kwa kuwa vumbi la mwambani linaharibu mapafu, kifua kikuu kinawaandama wachimbaji, na zebaki inachomwa jikoni mbele ya watoto. Anayevuna ardhini achangie kutibu madhara ya uvunaji. Ila mafuta tunayaangalia kwa jicho lingine. Shilingi 10 kwa lita ni ndogo, lakini inaongezwa juu ya nyingine nyingi, na anayeibeba mwishoni ni mgonjwa aliye juu ya pikipiki.

Na msamaha wa kodi nao si lazima umfikie mlengwa. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike. Bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 kodi ikarudishwa. Wasichana wetu wa shule hawakuona tofauti yoyote wakati msamaha upo. Walioona tofauti ni wenye biashara. Kwa hiyo tukisikia kodi fulani ya dawa au vifaa imefutwa, tusipige makofi kabla ya kwenda dukani.

BIMA NA MSIMU WA PAMBA

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, baada ya muswada wa awali kukwama. Kabla yake tulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wengi walijiunga mwaka mmoja wakaacha. Tukiwauliza wana jumuiya sababu, jibu halibadiliki: kadi ninayo, dawa hakuna. Bima inauza ahadi, na ahadi hiyo inatunzwa na bajeti inayoweka dawa kwenye kabati. Wenye dhamana wasidhani kwamba sheria peke yake itawaleta watu.

Tunaongeza jambo dogo ambalo wapangaji wa mjini hulisahau. Mkulima wa pamba ana fedha pale msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kuanzia Mei, na miezi michache baadaye. Kumdai mchango wa bima mwezi Januari, wakati anatafuta mbegu, dawa ya kupulizia na ada za shule, ni kumfukuza.

Liko pia suala la hospitali za Kanisa. Wakati Chato ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, hospitali teule ya wilaya ilikuwa ya Kanisa. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mali ya Baraza la Maaskofu. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, yalikubali kwamba hospitali hizi zinahudumia umma na zinastahili ruzuku na watumishi. Ruzuku ikichelewa, hospitali ya misioni inabaki na njia mbili: kupandisha gharama kwa mgonjwa, au kushindwa kulipa mishahara. Waumini wanalalamika kwamba hospitali za Kanisa ni ghali, na malalamiko hayo ni ya kweli mara nyingi. Zinapaswa nazo kubandika hesabu zao wazi kama tunavyodai kwa Serikali.

WAPI PA KUULIZIA

Juni si mwezi wa kutoa maoni, ni mwezi wa kusikiliza yaliyokwisha kuamuliwa. Mipango huanza kukusanywa vijijini mwishoni mwa mwaka, baraza la madiwani huipitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na kuanzia Aprili Bunge linajadili wizara moja baada ya nyingine. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, ndipo mahali pa kusema kwamba tunataka kwanza mtumishi wa pili wa zahanati kabla ya jengo jipya. Asiyehudhuria mkutano wa Novemba asishangae Juni.

Tena, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila zahanati na kituo cha afya, badala ya kubaki halmashauri. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko watu wanavyojua. Maana yake zahanati yenu ina akaunti, ina mpango wake wa matumizi, na ina Kamati ya Usimamizi wa Kituo yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajumbe hao wanapaswa kujua fedha zilizoingia robo hii ni kiasi gani, dawa zilizoombwa Bohari ya Dawa ni zipi, zilizoletwa ni zipi, na zilizokosekana zilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Taarifa hiyo ibandikwe ukutani, mahali akina mama wanapokaa kusubiri kliniki.

Kama kamati ya zahanati yenu haijakaa kikao mwaka huu, wa kwanza kuulizwa ni mganga mfawidhi, ambaye ndiye katibu wake. Wa pili ni mtendaji wa kijiji. Waendeeni kwa heshima, mkiwa watu watatu au wanne wa jumuiya moja, na mwombe kuona kitabu cha dawa.